Fisi Asiyelala: Maisha ya Robert Baden-Powell na Elimu ya Nje ya Darasa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtoto mtukutu, kwa kuwa ulimwengu ni mwalimu asiye na huruma. Hata hivyo, wapo waliouona ulimwengu huohuo kuwa darasa bora kuliko lile la kuta nne, wakamtoa mtoto nje kwa hiari ili afunzwe na msitu, mvua, njaa ya nusu siku na wenzake. Miongoni mwa hao, aliyevuma kuliko wote ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, ambaye alizaliwa London na kuzikwa Nyeri.

Habari za mtu huyu zinaihusu hata Manyatta, mtaa wenye msongamano wa watu mjini Kisumu, jirani na Kondele. Jina la mtaa huo asili yake ni Kimaasai. Kwa Wamaasai, emanyata ni makazi ambamo vijana wa rika la morani hukaa pamoja, mbali na nyumba za wazazi wao, wakijifunza ujasiri, utiifu na ulinzi wa jamii. Kwa maana hiyo, mtoto wa Manyatta anayefunga skafu shingoni Jumamosi asubuhi na kuelekea kwenye mafunzo ya skauti hutoka katika mtaa wenye jina la kambi ya vijana, akaenda kujifunza ukambi kwa utaratibu uliotungwa na jenerali wa Kiingereza. Makala haya yanasimulia maisha ya jenerali huyo, na kuyapima kwa mizani ya mtoto huyo.

Utoto na Malezi

Robert Stephenson Smyth Baden-Powell alizaliwa tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, kasisi Baden Powell, alikuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mwanawe akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta Grace, alibaki na kundi la watoto wadogo na tamaa kubwa ya kuwaona wakifika mbali. Kaka zake walimchukua Robert katika safari za mashua na matembezi ya mashambani, naye akazoea tangu utotoni kulala penye baridi na kula alichopika mwenyewe.

Mwaka 1870 alijiunga na shule ya Charterhouse, ambayo miaka miwili baadaye ilihamishwa kutoka London hadi Godalming. Kando ya shule hiyo mpya palikuwa na kijisitu ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert alikiingia mara kwa mara. Humo alijifunza kunyatia sungura, kuwapika kwa moto usiotoa moshi, na kukaa kimya juu ya mti huku walimu waliomtafuta wakipita chini yake. Darasani hakung'ara sana, na jaribio lake la kuingia Oxford liliambulia patupu. Waama, shule yake ya kweli ilikuwa kile kijisitu. Mtu aliyekuja kuwafundisha mamilioni ya vijana kutii sheria alianza elimu yake kwa kuivunja.

Askari wa Dola

Mwaka 1876 alifanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri mno, akapelekwa India katika kikosi cha wapanda farasi. Huko alijipatia sifa kwa upelelezi: kusoma nyayo, kuchora ramani, kukumbuka alichokiona kwa kutupia jicho mara moja. Mwaka 1888 alikuwa nchini mwa Wazulu, katika vita dhidi ya Dinuzulu. Baadaye alitumwa kufanya ujasusi katika nchi za bahari ya Mediterania, na mwishoni mwa mwaka 1895 alikwenda Afrika Magharibi katika msafara uliomng'oa Prempeh, mfalme wa Waashanti, na kumtupa uhamishoni. Prempeh aliishi Shelisheli kwa miaka mingi, na hakurejea kwao hadi mwaka 1924.

Katika mwaka 1896 Baden-Powell alipelekwa Matabele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kuwakabili Wandebele waliokuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Waingereza. Alizunguka usiku katika milima ya Matopo akichunguza maficho ya wapiganaji. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba Wandebele walimpa jina la Impeesa, na akalifasiri kuwa mbwamwitu asiyelala.

Tafsiri hiyo inastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Kusini mwa Afrika hakuna mbwamwitu wa aina ile ijulikanayo Ulaya. Neno lenyewe, impisi katika Kizulu na Kindebele, ni ndugu wa damu wa neno fisi katika Kiswahili, mbiti katika Kikamba na hiti katika Kikikuyu. Kwa hiyo jina alilopewa, au alilodai kupewa, ni Fisi. Katika ngano za Kiafrika fisi ni mnyama wa usiku, mlafi, mwenye hila zinazomrudia mwenyewe. Huenda basi Wandebele walimsifu kwa kutembea gizani bila kuchoka, na huenda walimtukana kwa kunusanusa milangoni mwa watu. Katika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, fisi alivua manyoya yake na kuvaa ya mbwamwitu, na kejeli, kama ilikuwapo, ikageuka sifa.

Katika vita hivyohivyo lilitokea jambo lililoacha doa. Chifu mmoja wa huko, Uwini, alijeruhiwa na kukamatwa. Baden-Powell alimfungulia mahakama ya kijeshi, ikampata na hatia, akapigwa risasi. Wakubwa wa serikali walihoji mamlaka yake ya kufanya hivyo, na uchunguzi ukafanywa. Uchunguzi huo ulimwondolea lawama, lakini haukumrudishia Uwini uhai wake.

Mafeking

Kilichomfanya ajulikane duniani kote ni mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kuanzia tarehe 13 Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900. Kwa siku 217 Baden-Powell aliulinda mji kwa askari wachache na hila nyingi. Aliwaamuru watu wake wafukie masanduku ya mchanga yakidhaniwa kuwa mabomu, na wainue miguu kana kwamba wanavuka senyenge isiyokuwapo, ili adui anayetazama kwa darubini aamini kwamba ngome ni imara.

Humo ndimo mbegu ya skauti ilipoanza kuchipuka. Wavulana wa mji walipangwa katika kikosi, wakavishwa sare, wakapewa kazi ya kupeleka barua, kupiga zamu na kusaidia hospitalini, ili watu wazima wabaki mahandakini. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli na kuaminiwa, huifanya kwa bidii kuliko mtu mzima anayeshurutishwa.

Mji ulipookolewa, London ilikesha ikishangilia, na Baden-Powell akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43. Lakini Mafeking ilikuwa na upande wa pili, nao ni wa Waafrika. Wabarolong na wakimbizi weusi walikuwa wengi kuliko wazungu. Walichimba mahandaki, walipeleleza, walipigana, na chakula kilipopungua wao ndio walioumia zaidi. Mamia walikufa kwa njaa na maradhi. Miongoni mwa walioyashuhudia hayo alikuwamo Sol Plaatje, mkalimani kijana wa mahakama, aliyeandika shajara ya siku hizo za mzingiro. Baadaye Plaatje alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na alimtafsiri Shakespeare kwa Kitswana miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Nyerere kumtafsiri kwa Kiswahili. Shajara yake haikuchapishwa hadi mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka 70 dunia ilisoma kisa cha Mafeking kutoka kinywa kimoja tu.

Kambi ya Brownsea

Aliporejea Uingereza mwaka 1903, Baden-Powell aligundua kwamba kijitabu chake cha kuwafundisha askari upelelezi, kilichotoka mwaka 1899, kilikuwa kikisomwa na walimu na watoto. Aliombwa akiandike upya kwa ajili ya vijana. Kabla ya kuandika, aliamua kujaribu.

Tarehe 1 Agosti 1907 alifungua kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Baadhi yao walitoka katika shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Katika nchi iliyotenganisha matabaka hata kanisani, kuwalaza watoto hao chini ya turubai moja kulikuwa jambo zito. Aliwagawa katika vikundi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege: Fahali, Mbwamwitu, Sululu na Kunguru. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi mtoto, si mtu mzima. Siku ilijaa mafundo ya kamba, kuogelea, kupika, kusoma nyayo, huduma ya kwanza na hadithi kando ya moto.

Kilichowaamsha wavulana hao asubuhi hakikuwa kengele. Ilikuwa baragumu ya pembe ya tandala aliyoitwaa katika vita vya Matabele. Msomaji anayeijua siwa ya Lamu hatashindwa kutambua uzito wa jambo hilo: chombo kilichowaita Waafrika kwenye vita vya kuulinda uhuru wao sasa kiliwaita watoto wa Kiingereza kwenye mchezo.

Mkopo haukuishia hapo. Mwaka 1908 kitabu chake cha skauti kilianza kutoka kwa sehemu sita, kikauzwa kwa bei ambayo hata mtoto aliimudu. Ndani yake alieleza jinsi vijana wa Kizulu walivyopakwa rangi nyeupe na kupelekwa porini na silaha chache, wakijitafutia chakula na kujificha hadi rangi ifutike. Aliingiza wimbo wenye maneno ya Kizulu uwe wa kuchezwa kando ya moto. Na mafunzo ya viongozi yalipoanza huko Gilwell mwaka 1919, waliohitimu walipewa shanga za mbao zilizotokana na mkufu aliodai kuwa wa Dinuzulu.

Ni dhahiri basi kwamba kumwita Baden-Powell mvumbuzi wa kambi za vijana ni kutia chumvi. Jando na unyago wa pwani na bara, emanyata ya Wamaasai, na simba ya Waluo, yaani nyumba ya vijana wa kiume ndani ya boma, zote zilikuwa shule za nje ya darasa kabla yake. Katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, watoto wa Kiluo walifunzwa ngano, vitendawili na mwenendo mwema. Alichofanya Baden-Powell ni kukusanya aliyoyaona kwa watu wengi, kuyapanga, kuyaandika kwa lugha nyepesi na kuyatoa nje ya mipaka ya kabila moja. Hiyo si kazi ndogo, lakini si sawa na kuumba.

Chama Chaenea Duniani

Vijana hawakungoja ruhusa. Walijiunda katika vikundi wenyewe, wakavaa skafu, wakashika fimbo. Mwaka 1909 walipokusanyika London, wasichana nao walijitokeza na kudai nafasi. Mwaka uliofuata chama chao kilianzishwa, kikiongozwa kwanza na Agnes, dada yake Baden-Powell, na baadaye na Olave, mke aliyemwoa mwaka 1912. Mwaka huohuo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi, na skauti wakaanza Kenya pia. Mwaka 1920 vijana wa mataifa mengi walikutana London wakamtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Sheria ya nne ya skauti ilimfanya kila skauti ndugu wa kila skauti mwingine, pasi na kujali nchi, tabaka wala imani. Ilikuwa sheria nzuri, na ndiyo iliyomweka mwanzilishi wake katika mtego. Afrika Kusini, wazungu walikataa kuvaa sare moja na Waafrika. Kuanzia mwaka 1922 vijana weusi waliwekwa katika chama cha kando chenye jina jingine. Baden-Powell alipokwenda huko mwaka 1936 kusuluhisha, alikubali matengano: Waafrika waliruhusiwa kuitwa skauti, lakini katika tawi lao peke yao. Umoja kamili haukupatikana hadi mwaka 1977. Aliyeandika kwamba skauti wote ni ndugu alikubali ndugu hao wale meza tofauti.

Miaka ya Nyeri

Mnamo mwaka 1938, akiwa mzee na moyo wake umedhoofika, Baden-Powell alihamia Kenya pamoja na Olave. Rafiki yake wa zamani, Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa amemfanyia kazi ya ukatibu siku za mwanzo za skauti, alikuwa na hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Katika viwanja vyake walijengewa nyumba ndogo inayoutazama Mlima Kenya. Waliipa jina la Paxtu, wakicheza na jina la makazi yao ya Uingereza, Pax Hill. Kwa Kilatini pax ni amani, na msikilizaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kusikia amani tu.

Amani hiyo haikuwa ya wote. Nyeri ilikuwa kitovu cha manung'uniko ya ardhi, na tangu sheria ya kipande ilipoanza kutekelezwa mwaka 1920 mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alipaswa kubeba hati hiyo. Hapo ndipo penye kinaya kikubwa. Mafunzo ya skauti yalimwambia kijana atembee nchi, aisome, ajitegemee. Sheria ya koloni ilimwambia kijana huyohuyo, akishakua, kwamba hawezi kusafiri kutafuta kazi bila kijikaratasi kilichotiwa saini na mwajiri wake. Baden-Powell alichora ndege na wanyama wa Kenya kwa mkono wenye ustadi, akaandika vitabu hadi mwaka 1940, lakini kipande hakikuwa miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha.

Alifariki tarehe 8 Januari 1941, siku 45 kabla ya kutimiza miaka 84. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Juu ya jiwe lake pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti inayoashiria kwamba mwenzao amekwisha kwenda nyumbani. Aliacha barua ya kuwaaga skauti, akiwausia waiache dunia ikiwa bora kidogo kuliko walivyoikuta. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa papo hapo.

Urithi Wake na Mtoto wa Manyatta

Ajabu ni kwamba chama hakikuzikwa na dola. Bendera ya Uingereza iliteremshwa Kenya mwaka 1963, na skauti wakaendelea chini ya bendera mpya, rais wa nchi akiwa mlezi wao. Mwaka 2007, kambi ya Brownsea ilipotimiza miaka 100, makumi ya mamilioni ya vijana duniani waliadhimisha. Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani lilikuwa limepata pia njia nyingine nchini, kama ile shule ya mlimani ya Loitokitok iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sababu ya uhai huo ni kwamba Waafrika hawakuipokea skauti kama walivyopewa. Waliishika ile sheria ya nne kwa dhati kuliko waliyoileta, wakawauliza watawala maswali magumu kwa maneno ya watawala wenyewe.

Kwa mtoto wa Manyatta anayekulia katika chumba kimoja cha mabati, penye uwanja finyu na mitaro iliyojaa, kutolewa nje si anasa. Dunga na mafunjo yake haiko mbali. Jabali la Kit Mikayi limesimama kando ya barabara ya kuelekea Bondo, likiwa na visa vyake vya Kiluo. Mtoto aliyewahi kupiga hema, kupika kwa kuni alizotafuta mwenyewe na kuongoza wenzake watano hadi kilele cha jabali hilo amejua kwamba nchi ni yake na kwamba yeye anatosha. Maarifa hayo hayatoki ubaoni.

Je, mtoto huyo amshukuru Baden-Powell? Maisha yaliyosimuliwa hapa hayaruhusu jibu la neno moja. Mtu huyu alijua kuwaamini watoto katika enzi iliyowatandika, akalaza pamoja maskini na tajiri. Mtu huyuhuyu aliamrisha Uwini auawe, akawaachia Wabarolong njaa, akaukubali ubaguzi alipopaswa kuukataa. Kumficha mmoja ili mwingine ang'ae ni kuifanyia historia udanganyifu, kama ule wa kumgeuza fisi kuwa mbwamwitu.

Hitimisho

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zisizo na mipaka zilizommiminikia Baden-Powell baada ya Mafeking zilitia maji mengi katika habari zake, na kazi ya kizazi cha leo ni kuyachuja. Kinachobaki baada ya kuchuja ni mtu mwenye kasoro nzito na wazo lenye nguvu, wazo ambalo sehemu yake kubwa alilichota Afrika. Kijana anayepiga baragumu kambini leo hachezi na kitu cha ugeni. Pembe ni ya tandala wa nyika za Afrika, na imerudi mikononi mwa wenyewe.